Halali na Mzio katika Njia ya Karagwe

Katika miaka ya karibuni biashara ya utalii imepata tawi jipya liitwalo utalii wa halali. Mahoteli ya Malaysia, Uturuki na nchi za Ghuba huwaahidi wasafiri Waislamu nyama iliyochinjwa kwa sharia, vyumba visivyo na pombe, alama ya kibla, daku na futari katika mwezi wa Ramadhani, na saa za wanawake peke yao katika mabwawa ya kuogelea. Kampuni ya CrescentRating ya Singapore, iliyoanzishwa 2008, imekuwa ikishirikiana na Mastercard tangu 2015 kutoa orodha ya nchi kwa kadiri zinavyomfaa msafiri wa namna hiyo. Jambo hili huelezwa kana kwamba limezaliwa pamoja na ndege. Lakini masharti ya msafiri Mwislamu ni ya kale, na katika Afrika ya Mashariki yalijaribiwa kwa ukali katika karne ya 19, katika njia iliyotoka Unyanyembe ikapita Karagwe hata Buganda. Historia ya njia hiyo yaonyesha kwamba chakula cha halali ugenini hakikuwa amri ya mgeni wala hisani ya mwenyeji peke yake. Kilidumu pale ambapo kila mmoja alikubali kwamba mwenzake naye ana makatazo yake. Kiswahili kimehifadhi ushahidi wa jambo hilo katika maneno mawili yanayokaa jirani, haramu na mzio.

Nchi na njia yake

Karagwe ya zamani ilikuwa ufalme wa ukoo wa Wahinda, magharibi ya ziwa la Viktoria. Nchi hiyo leo imegawanyika katika wilaya mbili za mkoa wa Kagera, yaani Karagwe yenyewe na Kyerwa, iliyotengwa nayo mwaka 2012. Kata ya Kibingo, iliyomo Kyerwa, ni sehemu ya nchi hiyo ya migomba na malisho ya ng'ombe. Jina lake ni jina la matete marefu katika lugha za huko. Wenyeji wake, Wanyambo, husema lugha iliyo karibu sana na Kihaya, na kwao mgeni huitwa omugenyi, neno ambalo Mswahili hulitambua mara alisikiapo.

Wafanya biashara wa pwani walifika huko kwa mguu. Misafara yao ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, ndipo baadhi yao wakageuka kaskazini kupitia Uzinza na Usui. Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda mwaka 1844, katika zama za Kabaka Suna. Snay bin Amir alifika huko 1852. Musa Mzuri, Khoja mzaliwa wa Surat katika Bara Hindi, aliijua Karagwe kiasi cha kuingia katika siasa zake: Rumanyika alipopigania kiti cha ufalme na ndugu yake Rogero, Musa alitoa pembe za ndovu ili jeshi la Buganda limsaidie Rumanyika. Watu hawa walikuja kutafuta pembe, na baadhi yao watumwa. Hata hivyo, kwa kuwa walikaa ugenini miezi mingi na hata miaka, walilazimika kutafuta pia namna ya kula na kusali.

Hukumu za msafiri

Sharia imempa msafiri ruhusa kadhaa. Aruhusiwa kukusuru sala, akasali rakaa mbili mahali pa nne; aruhusiwa kufungua katika Ramadhani akalipa baadaye; na asipopata maji aruhusiwa kutayamamu. Lakini ruhusa hizo zina mipaka. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waswahili walio wengi wa pwani, msafiri akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, pasipo kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea. Katika madhehebu ya Ibadhi, yaliyokuwa ya Waarabu wengi wa Oman, mtu huendelea kukusuru hata akikaa muda mrefu, madamu hajapafanya mahali hapo kuwa kwao. Kwa hiyo Mshafi na Mwibadhi waliofikia kambi moja kwa miezi 6 walikuwa, kwa sharia, katika hali mbili tofauti: mmoja amekuwa mkazi, na mwingine yungali msafiri.

Katika nyama ruhusa ni finyu zaidi. Mnyama aliyekufa pasipo kuchinjwa ni kibudu, au nyamafu, na si halali ila kwa mtu aliyefikwa na dharura. Sharia huruhusu nyama iliyochinjwa na Ahlul Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo. Lakini wenyeji wa bara wa wakati huo hawakuwa wa kundi hilo. Mfalme angeweza kumpelekea mgeni wake ng'ombe mzuri kabisa, na mgeni asiweze kumla iwapo aliletwa akiwa nyama tayari. Ng'ombe huyo huyo, akiletwa mzima, ni halali. Kwa hiyo jambo lililotenganisha heshima na matusi lilikuwa dogo kwa macho, nalo ni nani ashike kisu. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya waliofuata njia hizo hutaja jinsi Waungwana wa misafara walivyomkimbilia mnyama aliyepigwa risasi ili wamkate koo kabla hajafa.

Kafuro

Jawabu la Karagwe kwa jambo hili lilikuwa Kafuro, kituo cha wafanya biashara kilichokuwa karibu na makao ya mfalme bali si ndani yake. Speke alikikuta mwaka 1861, alipokuwa akielekea kwa Rumanyika pamoja na Grant. Stanley alipofika mwanzoni mwa 1876 aliwakuta huko Waarabu waliokwisha kuweka makao, mkubwa wao akiwa ni yule Ahmed bin Ibrahim, ambaye yeye alimwandika kwa jina la Hamed Ibrahim. Alikuwa na nyumba kubwa, ng'ombe, watumwa na akiba ya pembe.

Maana ya kituo cha namna hiyo ni rahisi kueleza. Palikuwa na maji ya kijito, nayo yalitosha kwa udhu. Palikuwa na mifugo ya wageni wenyewe, kwa hiyo mchinjaji hakuwa na haja ya kutafutwa. Palikuwa na nyumba ambamo pombe haikuandamana na chakula. Katika nchi ya migomba jambo hili la mwisho si dogo, maana rubisi ni kinywaji cha maongezi na cha kupokelea wageni. Maji ya ndizi zilizokamuliwa ni halali siku ya kwanza. Yakitiwa unga wa mtama na kuachwa yachache, huwa haramu. Mgeni aliyeletewa kata ya kinywaji alihitaji kujua umri wake kabla ya kuipeleka mdomoni.

Hata hivyo haifai kukisifu Kafuro kupita kiasi. Raha ya mabwana wa huko ilibebwa na watumwa, ambao hawakuuliza kama safari yao ni ya halali. Sifa ya mahali hapo ni moja tu: kwamba mfalme asiyekuwa Mwislamu aliwapa watu wa dini nyingine nafasi ya kuishi kwa sharia yao, wala hakuhesabu kujitenga kwao kuwa ni dharau.

Mzio wa mwenyeji

Kwa nini Rumanyika hakuona dharau? Sababu mojawapo yaweza kuonekana katika desturi za nchi yake. Wafugaji wa huko walikuwa na makatazo yao makali juu ya chakula. Speke alieleza kwamba Wahima, aliowaita Wahuma, walikataa kuuza maziwa kwa watu wa msafara wake kwa sababu watu hao walikula kuku na maharagwe. Waliamini kwamba maziwa yakiingia katika tumbo la namna hiyo, ng'ombe watadhurika. Kwa hiyo mgeni aliyekataa nyama ya mwenyeji kwa ajili ya kisu alikutana na mwenyeji aliyemkatalia mgeni maziwa kwa ajili ya kuku. Kila mmoja alikuwa najisi kidogo mbele ya mwenzake.

Zaidi ya hayo, kila ukoo ulikuwa na omuziro wake, yaani mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali. Omuziro wa Wahinda ni tumbili, ambaye kwa Mshafi pia ni haramu. Neno omuziro halina ugeni kwa mwana wa Kiswahili. Ni lile lile mzio, lililokuwa pwani na maana ya chakula anachokatazwa mtu na desturi, uganga au ukoo wake, na ambalo siku hizi waganga wa hospitali wamelipa kazi ya kutaja madhara ya chakula au dawa mwilini. Maneno hayo mawili yametoka katika shina moja la Kibantu. Tofauti yake ni kwamba Kiswahili kimedondosha konsonanti ambayo lugha za ziwani zimeihifadhi, bali mgeni na omugenyi hazikuachana.

Basi Mswahili aliyefika Karagwe alikuwa na maneno mawili kinywani. Haramu lilikuwa neno la Kiarabu, la dini, linalowafunga Waislamu wote sawasawa. Mzio lilikuwa neno la kale, linalomfunga mtu huyu na kumwacha yule. Maneno haya hayana maana moja, na mwanazuoni wa sharia asingekubali yachanganywe. Lakini katika mazungumzo ya mgeni na mwenyeji la pili lilikuwa daraja la kulifikia la kwanza. Aliyesema kwamba nyama fulani ni mzio wake alieleweka Karagwe pasipo mahubiri.

Kisu cha Kabaka

Thamani ya daraja hilo huonekana pale lilipovunjika. Katika Buganda Kabaka Mutesa aliupokea Uislamu kwa namna yake: tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani, akajenga msikiti, akawataka watu wake wafuate. Jambo moja alilikataa, nalo ni kutahiriwa, kwa kuwa desturi ilikataza damu ya Kabaka imwagwe. Waislamu waliotoka upande wa Misri na Sudani wakawaambia vijana wa ikulu kwamba mtu asiyetahiriwa hafai kuwasalisha. Vijana hao wakakataa kusali nyuma yake, na wakakataa nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa ikulu. Mnamo 1876 Mutesa aliamuru wauawe. Huhesabiwa kuwa wapata 70 waliochomwa Namugongo.

Hapa lugha yapasa kuangaliwa tena. Katika Kiarabu tahara ni usafi. Katika Kiswahili tohara ni usafi wa ibada na pia ni kutahiri, na kwa hiyo asiyetahiriwa huhukumiwa na neno lenyewe kuwa si safi. Kiganda kilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa okusiramula, lililotoka katika jina la Uislamu, lilipata maana ya kutahiri. Wanazuoni walio wengi hawakufanya kutotahiriwa kuwa kizuizi cha mtu kuchinja. Lakini vijana wa ikulu waliifahamu dini kupitia maneno waliyoipokelea, na maneno hayo yalikuwa makali kuliko vitabu. Kwa upande wake Kabaka hakuona mzio wa raia wake, aliona uasi. Kule Kafuro watu walikula mbali na mfalme kwa ruhusa yake. Hapa walikataa kula mezani pake, wakiwa watu wake mwenyewe.

Tangu hapo hata leo

Njia ya Karagwe ilififia Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890 na biashara ikahamia ziwani. Swali la kisu halikufifia. Katika Tanzania imekuwa desturi isiyoandikwa kwamba nyama ya kuuzwa kwa watu wote huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu aweze kuila. Mwezi wa Februari 2013, katika mji wa Buseresere, Geita, ugomvi juu ya desturi hiyo ulimwua mchungaji mmoja wa Kikristo. Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, lililoundwa 1968, nalo hutoa vyeti vya halali, na cheti ni jambo jema kwa mtu asiyemjua mchinjaji.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalifanywa hifadhi za taifa, na jina la mwenyeji wa Kafuro likawa jina la mojawapo, yaani Rumanyika-Karagwe. Wageni watakapokwenda Karagwe na Kyerwa, miongoni mwao watakuwamo Waislamu wa kutoka pwani, Uganda na Ghuba. Mwenye nyumba ya wageni Kibingo ataweza kuwawekea birika la udhu na mkeka bila gharama kubwa. Mbuzi ataweza kumleta akiwa mzima. Cheti kitamwambia mgeni kwamba nyama ni halali. Hakitamwambia kwamba mwenyeji naye ana vitu asivyovila, wala kwamba yafaa kuviuliza. Hilo lilijulikana katika njia ya Karagwe zaidi ya miaka 150 iliyopita, na mzio na omuziro ni maneno ambayo wageni na wenyeji wangali nayo vinywani.