Gego la Miaka Sita: Jino la Kudumu Linalodhaniwa la Utotoni

Mtoto anapofikia umri wa miaka sita hivi, nyuma ya magego yake ya utotoni huchomoza gego jipya, kila upande, juu na chini. Kwa kuwa huota bila jino lolote kung'oka, ni rahisi mzazi kudhani kuwa nalo ni la utotoni. Sivyo. Hilo ni gego la kwanza la kudumu. Likioza na kung'olewa, halioti jingine mahali pake.

Kwa sababu hiyo, mzazi au mlezi wa Kata ya Marui, wilayani Kisarawe, sawa na wa Kibaha mjini, hana budi kumjengea mtoto mazoea ya kusafisha kinywa kabla gego hilo halijatokeza.

Usafi huanza mara jino la kwanza linapoota, aghalabu katika umri wa miezi sita. Mtoto apigwe mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dakika mbili, kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi. Aliye chini ya miaka mitatu hutoshwa na dawa ya kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Afundishwe kutema povu. Familia inayotumia mswaki wa mti itafune ncha hadi ilainike na kuikata inapochakaa. Dawa yenye floraidi bado inahitajika.

Mswaki haufiki katikati ya meno yaliyobanana. Hapo ukoga hubaki, na bakteria waliomo hugeuza sukari kuwa asidi inayotoboa meno. Mzazi apitishe uzi maalumu wa kusafishia meno mara moja kwa siku, polepole, bila kuumiza fizi. Uzi wa kushonea na njiti zenye ncha visitumike.

Kabla ya umri wa miaka saba au minane, mtoto hawezi kujisafisha ipasavyo. Aanze mwenyewe ili ajifunze, kisha mzazi amalizie, hasa nyuma kabisa lilipo gego jipya. Mtoto huiga anachokiona. Hivyo ni vyema mzazi na mtoto wapige mswaki pamoja, saa ileile kila siku.

Doa au kitundu kikionekana, mtoto apelekwe kituo cha afya bila kusubiri maumivu. Jino likiwahiwa huzibwa, likicheleweshwa hung'olewa.