Daftari Lianze na Majike: Kuhusu Kuandika Familia za Pundamilia wa Ruvuma

Mkazi wa Mbinga anayetaka kumwona pundamilia hana budi kufunga safari. Milima ya Umatengo imejaa mashamba ya ngolo na kahawa, na ufukwe wa Nyasa ni wa wavuvi na mihogo. Mpaka avuke Songea, aingie Namtumbo na Tunduru, penye ushoroba unaounganisha Selous na Niassa ya Msumbiji. Hata hivyo Ziwa Nyasa lina sehemu yake katika habari hii. Kielelezo ambacho mtaalamu wa wanyama de Winton alikitumia mwaka 1896 kumweleza pundamilia wa Crawshay kilitoka magharibi mwa ziwa hilo: mnyama mwenye milia myembamba iliyosongamana, bila vivuli vya kahawia katikati. Uchunguzi wa vinasaba umeitia shaka mipaka ya nususpishi za pundamilia. Milia yenyewe haina shaka. Hakuna pundamilia wawili wanaofanana.

Hans Klingel, Mjerumani aliyefika Ngorongoro mwaka 1962 pamoja na mkewe Ute, ndiye aliyeigeuza milia hiyo kuwa elimu. Aliwatambua pundamilia mmoja mmoja kwa picha, akafuatilia nani yuko na nani. Alichokiona kinafanana na maisha ya farasi mwitu: dume mmoja, majike wachache na watoto wao, na kando makundi ya madume makapera. Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba dume akifa au akishindwa, majike hawatawanyiki. Hubaki pamoja, dume mwingine akawapokea. Tena katika msafara, jike mwenye hadhi ndiye hutangulia. Dume mara nyingi hufuata nyuma au ubavuni.

Kama ndivyo, mazoea ya kuiita familia kwa jina la dume wake yanapotosha. Mwandishi wa daftari atakayefanya hivyo ataandika “familia mpya” kila dume anapobadilishwa, ilhali majike ni wale wale wa mwaka jana. Kifo cha dume kwenye mtego wa waya kitasomeka kama kuvunjika kwa kundi, na kutawanyika kwa kweli kwa majike kutapita bila kuonekana. Daftari lianze na majike; dume aandikwe pembeni, na tarehe aliyoingia na aliyotoka.

Najua pingamizi: Ngorongoro ni uwanda wa wazi, Ruvuma ni miombo. Ni kweli, na ndiyo maana kuhesabu kwa ndege hakutoshi huku. Matawi huficha, na hata yasipoficha, ndege huleta idadi tu, haileti undugu. Baada ya mvua nyasi humfunika mnyama hadi mgongoni. Kiangazi, moto ukishapita, macho hufika mbali na wanyama husogea kwenye maji. Hapo pana mtego mwingine: familia tatu zikinywa pamoja huonekana kundi moja. Wanyama wasihesabiwe kuwa familia mpaka waonekane pamoja mara kadhaa mbali na maji.

Jambo la ubavu nalo halina budi kuamuliwa mapema, kwa kuwa milia ya kulia si nakala ya kushoto. Kaskazini mwa Kenya, katika sensa ya pundamilia wa Grevy ya Januari 2016, wananchi walioshiriki waliagizwa kupiga picha ubavu wa kulia. Agizo dogo, lakini bila hilo mnyama mmoja huandikwa mara mbili.

Kazi hii wataifanya nani? Mtafiti huja kwa msimu na kuondoka. Askari wa wanyamapori wa vijiji vya hifadhi za jamii za Mbarang'andu au Nalika hupita njia zile zile mwaka mzima, na chuo cha Likuyu Sekamaganga, kinachowafunza askari kama hao, kiko Namtumbo. Wanachohitaji zaidi ni kamera, daftari na kanuni moja inayofuatwa na wote.

Wapo watakaosema idadi inatosha kupangia mgawo wa uwindaji wa kitalii. Lakini dume kapera akipigwa risasi, familia haziguswi. Akipigwa mwenye majike, mwingine ataingia na mpangilio wa kuzaliana utabadilika. Kwenye jedwali la idadi vifo hivyo viwili ni tarakimu ile ile.