Mjumbe wa Bodi ya Shule Mbele ya Mkaguzi

Mkaguzi wa serikali anapoingia shuleni, macho ya watu humwelekea mwalimu. Lakini yuko mtu mwingine ambaye siku hiyo hupimwa pia, ingawa hafundishi wala halipwi mshahara. Huyo ni mjumbe wa bodi ya shule. Waingereza humwita gavana wa shule, jina lisilotufaa sana sisi, maana masikioni mwetu gavana ni mtawala wa jimbo au wa koloni, hali mtu huyu hutawala machache na kujibu mengi. Inafaa tuifuate historia yake huko Uingereza, kwani bodi za shule za sekondari za Uganda na Kenya zilifuata mfano wa huko.

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilitoa kwa mara ya kwanza ruzuku ya pauni 20,000 kusaidia ujenzi wa shule za watoto wa maskini. Shule zenyewe zilikuwa za jumuiya za kidini, na mambo yake yaliendeshwa na mameneja, yaani kasisi wa mtaa pamoja na wakubwa wa mahali hapo. Serikali iliyotoa fedha ilitaka kujua zimefanya kazi gani. Kwa hiyo mwaka 1839 waliteuliwa wakaguzi wawili wa kwanza, Hugh Seymour Tremenheere na kasisi John Allen. Mara wakuu wa Kanisa la Uingereza wakaingiwa na shaka kwamba mkaguzi atakuwa mkono wa serikali ndani ya nyumba yao. Mwaka 1840 yalifikiwa makubaliano kuwa hakuna mkaguzi wa shule za Kanisa hilo atakayeteuliwa bila ya ridhaa ya maaskofu wakuu. Mwaka huo huo wakaguzi waliagizwa wafahamu kuwa kazi yao si kutawala shule bali ni kuzisaidia. Hapo mkaguzi alikuwa mgeni, naye meneja alikuwa mwenyeji. Wahenga wetu wangalisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mambo yaligeuka mwaka 1862, Robert Lowe alipoleta kanuni mpya za ruzuku. Tangu hapo fedha zilitegemea mahudhurio na matokeo ya mtihani uliosimamiwa na mkaguzi mwenyewe. Kila mtoto wa miaka sita na zaidi aliyehudhuria ipasavyo aliweza kuiletea shule shilingi 8 kwa kufaulu kusoma, kuandika na kuhesabu. Akishindwa somo moja, zilikatwa shilingi 2 na peni 8. Fedha hizo zililipwa kwa mameneja, nao ndio waliolipa walimu. Basi mtoto mmoja akiugua siku ya ukaguzi, ilikuwa hasara katika daftari la meneja. Si ajabu kwamba watoto walikaririshwa vitabu hata wakavisoma bila kutazama maneno. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi tangu 1851 hadi 1886, alipinga utaratibu huo, akiona umeua uhai wa mafundisho. Uliachwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1890. Ulikuwa umemfanya meneja aitazame siku ya ukaguzi kama mkulima atazamavyo siku ya mnada.

Sheria ya mwaka 1944 iliendelea kuwaita mameneja wale wa shule za msingi, na magavana wale wa sekondari. Mahali pengi kazi yao ikawa ya heshima tu: kuhudhuria mikutano michache, kunywa chai na kumpongeza mwalimu mkuu. Hatari ya hali hiyo ilidhihirika katika shule ya William Tyndale, mtaa wa Islington, jijini London. Baadhi ya mameneja walisikia malalamiko ya wazazi juu ya mafundisho. Walimu nao waliona wanaingiliwa katika taaluma yao. Mwaka 1975 mamlaka ya elimu ilipotuma wakaguzi, walimu wengi waligoma, wakafungua shule yao wenyewe jirani. Uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Robin Auld, uliotolewa mwaka 1976, haukumlaumu mtu mmoja. Uligusa mwalimu mkuu, walimu, mameneja na mamlaka yenyewe. Kiini chake kilikuwa kwamba hakuna aliyejua kwa hakika mamlaka ya nani yanaishia wapi.

Mwaka 1977 kamati ya Taylor ilipendekeza wazazi, walimu na jamii washirikishwe katika bodi kwa usawa, na sheria ya 1986 ikaongeza nafasi za wazazi. Kisha sheria ya 1992 iliunda Ofsted, idara mpya ya ukaguzi. Tangu hapo mambo mawili yalibadilika. Kwanza, bodi ikatakiwa kuandaa mpango wa kurekebisha kasoro zilizotajwa katika ripoti. Pili, bodi yenyewe ikawa miongoni mwa vitu vinavyokaguliwa. Mkaguzi huwaita wajumbe na kuwauliza: Mnajuaje kwamba watoto wanajifunza? Mlimhoji mwalimu mkuu juu ya jambo gani, na nini kilifuata?

Hapo ndipo penye mtihani wa kweli. Mjumbe hushawishika kuwa wakili wa shule, afunike kila kasoro. Au kumtupia mwalimu mkuu lawama ili ajiokoe mwenyewe. Njia zote mbili humwumbua, kwani zaonyesha kuwa hakuijua shule kabla ya mgeni kubisha hodi. Uzito wa hukumu za ukaguzi umezua mjadala mkali, hata Septemba 2024 Uingereza ikaacha kuzipa shule za serikali daraja moja la jumla kwa neno moja.

Kwetu, sheria ya Uganda ya 2008 inazitambua bodi hizo, nayo Kenya mwaka 2013 iliziita bodi za usimamizi. Majina si kitu kikubwa. Mjumbe anayezuru shule yake mara kwa mara, akasoma hesabu na kusikiliza walimu na wazazi, hana la kukariri siku ya ukaguzi. Asiyefanya hivyo hukaguliwa pamoja na shule, na kasoro ya kwanza kuonekana huwa ni yeye.