Zollverein: Mgodi wa Makaa ya Mawe Uliogeuzwa Urithi wa Dunia

Mgodi wa zamani wa Zollverein, uliopo katika mji wa Essen, magharibi mwa Ujerumani, ulisitisha uzalishaji tarehe 23 Desemba 1986. Ulikuwa mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe katika mji huo. Leo milango yake iko wazi kwa wageni, na tangu mwaka 2001 eneo hilo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mfanyabiashara Franz Haniel alianzisha uchimbaji mwaka 1847. Jina la mgodi lilitokana na umoja wa forodha wa madola ya Kijerumani uliokuwa umeanza kazi mwaka 1834, jambo lisilo geni kwa wananchi wa Afrika Mashariki, ambao nao wana umoja wao wa forodha tangu mwaka 2005.

Kinachowavuta wageni zaidi ni mnara wa chuma wa Shimo Namba 12, wenye urefu wa mita 55, uliotumika kupandisha makaa kutoka chini ya ardhi. Shimo hilo lilibuniwa na wasanifu majengo Fritz Schupp na Martin Kremmer, likaanza kazi mwaka 1932 na kutoa takribani tani 12,000 kwa siku. Majengo yake ya matofali na chuma yamepangwa kwa ulinganifu ambao si wa kawaida kwa mahali pa vumbi na jasho.

Hata hivyo, uzuri huo pekee usingetosha kuyaokoa. Serikali ya jimbo la Nordrhein-Westfalen ililinunua eneo la Shimo Namba 12 mara baada ya mgodi kufungwa, kabla vyuma havijauzwa kama chakavu. Kiwanda jirani cha koki, chenye tanuri 304, nusura kipotee. Kilipofungwa mwaka 1993 ulikuwapo mpango wa kukiuza China. Mpango huo uliposhindikana, kikabaki kikingoja kubomolewa, hadi ulinzi wa kisheria ulipokifikia.

Mgeni huweza kutembea katika viwanja bila malipo. Ndani ya jengo la kuoshea makaa, ngazi ya umeme yenye urefu wa mita 58 humpandisha hadi Jumba la Makumbusho la Ruhr, lililofunguliwa hapo mwaka 2010, ambalo huhitaji tiketi. Ziara za kuongozwa hufuata njia ya makaa kutoka mlangoni mwa shimo hadi kwenye mitambo ya kuchambulia. Anayetarajia kushuka chini ya ardhi hatapata nafasi hiyo, kwani ziara zote hufanyika juu. Viatu imara na nguo nzito wakati wa baridi ni muhimu, kwa kuwa sehemu kubwa ya majengo haina joto.

Gharama kubwa zaidi ya uchimbaji, hata hivyo, haimo katika ziara. Ardhi ya eneo la Ruhr imedidimia, sehemu nyingine kwa zaidi ya mita 20, na bila pampu maji yangetuama katika makazi ya watu. Mgodi wa mwisho wa aina hiyo nchini Ujerumani ulifungwa Desemba 2018 huko Bottrop. Maji ya migodini yanaendelea kusukumwa kwa fedha za taasisi ya RAG-Stiftung, iliyoundwa mwaka 2007, na kazi hiyo haijapangiwa tarehe ya kwisha.