Wazigua wa Lewiston na mavuno ya ugenini

Njaa iliyoikumba nchi ya Uzigua miaka ya 1830 haikuua tu, ilihamisha watu. Kutoka Handeni, Korogwe na vijiji vya jirani, ahadi za chakula na kazi ziliwafikisha wengi majahazini, na majahazi yakawashusha pwani ya Somalia, utumwani. Simulizi za wazee zinamtaja Wanakhucha, mwanamke aliyewaongoza watoro hadi bonde la mto Juba. Huko walilima mahindi na kuendelea kusema Kizigua.

Vita vya Somalia vya 1991 viliwatoa tena bondeni. Baadhi walirudi Tanga, wakapokewa kambi ya Mkuyu wilayani Handeni, kisha Chogo, na wengi hatimaye wakapewa uraia wa Tanzania. Kurudi nyumbani baada ya vizazi vingi namna hiyo, historia haioneshi mara nyingi!

Wengine walikimbilia Kenya, wakabaki kambini. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea wapatao 12,000, wakiwemo Wabantu wenzao wa Juba wasio Wazigua, na baadhi wakafika Lewiston, Maine, kwenye theluji.

Novemba ikifika, majirani zao Wamarekani huadhimisha shukrani ya mavuno, sikukuu aliyoitangaza Abraham Lincoln 1863, kwa bata mzinga na boga. Wageni nao wana mavuno yao: jumuiya yao ina shamba liitwalo Liberation Farms, ambako mahindi magumu hulimwa, hukaushwa, kisha husagwa kwa ajili ya ugali waliouzoea Somalia kwa jina la soor.