Igizo Shirikishi: Hadhira Inapokigeuza Kisa

Siku hizi ni nadra kusikia maigizo ya uhamasishaji vijijini yasiyoitwa "shirikishi". Ni istilahi nzuri, na ndiyo maana inauma kuiona ikibandikwa kila mahali.

Hadhira kuitikia si jambo geni kwetu. Fanani akisema "Paukwa!", watu hujibu "Pakawa!", lakini kisa hubaki mikononi mwake. Igizo huwa shirikishi pale hadhira inapopewa mamlaka ya kukitunga au kukigeuza kisa chenyewe.

Tuseme linachezwa Kigera, Musoma. Mchuuzi ametanguliza pesa ya ndoo tano za dagaa. Mtumbwi unapofika, mwenye mtumbwi anaziuza zote kwa mnunuzi wa mjini aliyepandisha bei. Mchuuzi anaondoka mikono mitupu. Igizo linarudiwa tangu mwanzo, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti: "Simama!" Waigizaji wanaganda. Mwezeshaji anamwambia aliyeita, "Karibu mama, usitueleze, tuoneshe." Mama anajifunga kanga ya mchuuzi, anaita mashahidi, anadai dagaa wake. Mwigizaji wa mwenye mtumbwi hana maneno ya kukariri. Anabuni majibu hapo hapo, wala haruhusiwi kulegea upesi, kwa sababu huko ziwani nako hawalegei. Mama akishindwa, anaingia mwingine na mbinu yake.

Mchezo wa namna hii uliasisiwa na Mbrazili Augusto Boal, miaka ya 1970. Kwetu, mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mwanza. Njia yao ilikuwa tofauti na ya Boal: wanakijiji walijadili matatizo yao, likiwamo la mimba za wanafunzi, kisha vijana wakayaigiza kwa ngoma na michezo yao wenyewe. Ushiriki ulianza kabla ya onyesho.

Igizo la papo kwa papo ni jambo jingine. Hilo ni igizo lisilo na maandishi, na waigizaji wanaweza kulicheza mwanzo hadi mwisho bila mtazamaji kutia neno.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaopeleka sanaa vijijini, onyesho ambalo watu huulizwa maswali mawili mwishoni liiteni igizo lenye mjadala. Lisiitwe shirikishi mpaka watu washiriki kukitunga kisa, au mtazamaji aweze kuinuka na kubadili kinachotokea.