Nani Akabidhiwe Nauli ya Mwalimu?

Msomaji anayefundisha lugha anaweza kujiuliza semina za walimu wa historia huko Marekani zinamhusu nini. Zinamhusu, kwani suala lililojitokeza huko ndilo linalotukabili hata sisi: fedha za kumwendeleza mwalimu zipitie mkononi mwa nani?

Mwaka 2001, kwa juhudi za Seneta Robert Byrd wa West Virginia, Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 50 kuanzisha ruzuku za ufundishaji wa historia ya nchi hiyo. Wizara ya Elimu ilizitoa kwa wilaya za elimu, nazo zikashirikiana na vyuo vikuu, makumbusho au maktaba. Hadi bajeti yake ilipofutwa mwaka 2011, mpango ulikuwa umetumia karibu dola bilioni 1. Si fedha kidogo. Hata hivyo walioutathmini walipata shida kuonyesha kwamba wanafunzi waliijua historia kuliko awali.

Njia ya pili ilianza mwaka 2004. Mfuko wa Taifa wa Taaluma za Insia, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1965, ulianza kugharimia semina za wiki moja katika maeneo ya kihistoria yenyewe. Taasisi mwenyeji ndiyo iliyoshindania ruzuku, ila mwalimu aliomba nafasi kwa jina lake, awe anatoka jimbo lolote. Katika miaka ya 2010 kundi lilikuwa na walimu kama 36, na kila mmoja alipata dola 1,200 za nauli, chakula na malazi. Kwa aliyetoka mbali hazikutosha. Lakini naona utaratibu huu ulikuwa bora, kwa sababu aliyefika alikuwa ametaka kufika. Sote tunazijua semina ambazo jina la mhudhuriaji huchaguliwa ofisini, naye huenda kusaini na kungojea posho.

Mfano unaotugusa sisi wa lugha ni ule wa Georgia. Chama cha Historia cha jimbo hilo kiliendesha semina kuhusu historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi mjini Savannah na katika visiwa vya pwani yake. Pwani hiyo ni hazina. Wazee wa huko huzungumza Kigeechee, ambacho katika South Carolina huitwa Kigullah. Mwaka 1949 Lorenzo Dow Turner alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba lugha hiyo, iliyodharauliwa kama Kiingereza kibovu, ilikuwa imehifadhi maelfu ya majina na maneno ya Kiafrika. Karanga, kwa mfano, huitwa guba, kutokana na nguba ya Kikongo, ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Turner alikuwa amemrekodi Amelia Dawley, wa kijiji cha Harris Neck, akiimba wimbo wa Kimende alioachiwa na wazee wake.

Si hayo tu. Kisiwani Sapelo aliishi Bilali Muhammad, mtumwa aliyeacha mswada wa Kiarabu ambao sehemu yake imetokana na kitabu cha fiqhi ya Kimaliki. Kisiwani Ossabaw bado vimesimama vibanda vya watumwa vilivyojengwa kwa chokaa ya makombe ya chaza. Aliyewahi kuyaona magofu ya Kilwa au Gede ataelewa mvuto wa ukuta wa namna hiyo. Mwalimu aliyeugusa hurudi darasani na maswali ambayo kitabu cha kiada hakina: nani aliichoma chokaa hii, na waliokuwa kazini waliitana kwa lugha gani?

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba fedha zake zote zilitegemea hazina moja. Mwezi wa Aprili 2025 serikali ilifuta zaidi ya ruzuku 1,000 za Mfuko huo, zikiwemo za semina za walimu. Kesi zilifunguliwa mahakamani, lakini likizo ya shule haingojei hukumu. Taasisi binafsi zipo, kama ile ya Gilder Lehrman iliyoanzishwa New York mwaka 1994, ambayo huendesha semina za walimu kwa michango ya wafadhili.

Kwa upande wetu, ningeiomba kamati ya semina ya idara izingatie jambo moja linaloweza kuigwa bila dola nyingi: barua ya maombi aiandike mwalimu mwenyewe, na nauli akabidhiwe yeye.